Mpunga Ulioshika Mimba Julai

Kokuhirwa hakuhitaji macho kujua kwamba mpunga umeshika mimba. Alilishika bua kwa vidole viwili, shibiri moja juu ya maji, akashuka nalo polepole mpaka vidole vikakutana na uvimbe mdogo, laini, ambao jicho lisingeuona. Hapo alinyanyuka, akashika kiuno, akasema, "Huyu tayari." Wanawake wenzake wa Ngenge walingoja wiki nzima zaidi, mpaka jani la juu livimbe, ndipo waseme. Hakufundishwa na mtu. Alitoka Kamachumu, juu kwenye migomba na kahawa, akaolewa huku bondeni akiwa na miaka ishirini na moja bila kuwahi kukanyaga jaruba la mpunga. Siku ya kwanza alipotumbukia kwenye tope mpaka magotini, mama mkwe wake alicheka mpaka akakaa chini. Miaka ishirini na sita baadaye mama mkwe alikuwa kaburini, mume naye kaburini, na Kokuhirwa ndiye aliyeitwa na majirani kuja kubinya mabua yao.

Mtoto alikuwa mmoja tu, Mugisha. Alimsomesha kwa mpunga na kwa kahawa ya kibanja kidogo nyuma ya nyumba, mpaka akamaliza chuo cha kilimo Bukoba. Wenzake walitafuta kazi mjini. Mugisha alirudi Ngenge na begi moja, daftari la jalada gumu, na kipimajoto cha kioo alichokifunga kwa waya kwenye nguzo ya kibaraza.

"Umesoma miaka yote hiyo uje kupima baridi?" baba yake mdogo, Rutaihwa, alimuuliza mbele ya watu. "Baridi tunaipima kwa blanketi, mwanangu."

Watu walicheka, Mugisha naye akacheka. Lakini kila alfajiri alitoka, akasoma ule mstari mwekundu, akaandika.

Kilichomsumbua ni Julai. Ngenge walipanda Januari, wakavuna Mei, basi. Maji yalikuwapo mwaka mzima, bonde lilikuwapo, mikono ilikuwapo, ila aliyethubutu kupanda mara ya pili alipata mpunga mrefu, wa kijani, mzuri wa kupigwa picha, halafu masuke yakatoka matupu. Mapepe. Unapepeta, upepo unabeba kila kitu. Wengine walisema ardhi imechoka. Wengine walitaja jina la jirani. Maofisa waliopita walisema wakulima wavivu, wakapanda gari lao wakaenda kula. Hakuna hata mmoja aliyelala Ngenge usiku wa Julai, wakati baridi inashuka kutoka milimani na kutulia bondeni kama maji kwenye bakuli.

Mwaka wa kwanza Mugisha alimchukua mama yake Bukoba. Kokuhirwa alidhani wanakwenda hospitali ya macho. Badala yake alijikuta chuoni, ndani ya chumba chenye harufu ya spiriti, mwanawe akimkalisha kwenye kiti kirefu mbele ya hadubini. Mwalimu wake wa zamani alikuwa amempa ruhusa ya saa moja. Mugisha alitoa kwenye chupa maua mawili ya mpunga, moja la Machi, moja la Julai, akayapasua kwa sindano, akadondoshea iodini, ile ile wanayopaka kwenye kidonda.

"Mawe," alimwita, kama Wahaya wanavyomwita mama, "angalia hili kwanza."

Aliangalia. Aliona duara, na ndani yake vitu vyeusi, vinono, vya mviringo, kama ulezi uliounguzwa kikaangoni.

"Hiyo ndiyo chavua. Lile vumbi la ua. Nyeusi maana yake imeshiba, ina chakula ndani. Sasa angalia la Julai."

La Julai lilikuwa na vitu vyeupe vilivyosinyaa, unaona mpaka upande wa pili, kama macho ya dagaa. Katika kumi, cheusi kimoja.

"Hivi vimekufa?"

"Vimekufa kabla ua halijafunguka. Unakumbuka unapobinya bua ukasema tayari? Kuanzia pale, siku zile chache, ndani ya ua kuna utando unaoinyonyesha chavua. Baridi ya alfajiri ikishuka chini ya nyuzi kumi na saba unaanza kuyumba. Ikifika kumi na nne, kumi na tatu, asubuhi tatu mfululizo, unaacha kunyonyesha. Chavua inakufa na njaa tumboni."

"Na ile sehemu ya kike?"

Mugisha alimtazama mama yake kwa furaha, kama mwalimu aliyeulizwa swali alilokuwa akilingojea. "Ya kike haiumii, Mawe. Inabaki nzima, inasubiri. Cha kiume ndicho kinachokufa."

Waliporudi, Kokuhirwa hakulala. Miaka yote ile alikuwa akisikia watu wakitajana majina kwa sababu ya mapepe, nyumba kwa nyumba hazisalimiani, na kumbe ni baridi tu.

Tangu hapo walifanya kazi wawili. Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba katika jaruba lolote la Julai, pembe iliyo karibu na mlango wa maji huwa tupu kabisa, na pembe ya mbali huwa na punje kidogo. Mugisha aliposikia hayo alikimbia na kipimajoto, akakitumbukiza mlangoni, akakitumbukiza pembeni. Maji ya mfereji yalitoka mlimani yakiwa baridi. Yaliyotuama juani yalikuwa na joto. Hapo wakapata njia yao. Mpunga ukiwa na mimba, suke changa bado liko chini, karibu na goti la mmea. Basi jaza jaruba mchana, maji yafike shibiri nzima, yote yaote jua. Saa kumi jioni rudisha ubao unaofunga mlango wa maji, ukandike kwa tope, yasiingie mengine. Usiku kucha suke linalala ndani ya maji ya mchana.

"Ni blanketi," Mugisha alisema. "Lakini ukiyaacha yatembee, umemfunika mtoto blanketi lililolowa."

Na ilikuwapo mbegu. Julai ile ya kwanza, katika jaruba la jirani lililokufa lote, Mugisha alikuta masuke tisa yaliyojaa. Tisa tu, katikati kabisa ya jaruba, punje fupi zenye mstari mwekundu. Aliyakata, akayafunga kwa uzi mwekundu. Akapanda, akachagua, akapanda tena, akachagua tena. Mwaka wa tatu alikuwa na gunia moja nyuma ya mlango wa chumba chake, limefungwa uzi ule ule, na jaruba moja lililopandwa Mei ili likutane na baridi makusudi. Msimu ujao familia kumi na mbili zingepewa mbegu. Alikwishaandika majina yao. Ngenge ingevuna mara mbili.

Jumatatu moja katikati ya Julai Kokuhirwa aliingia kwenye jaruba lile, akabinya bua. "Huyu tayari," alisema.

Mugisha alikata maua machanga machache, akayatia kwenye chupa ndogo ya spiriti. Jumanne asubuhi alipanda pikipiki ya abiria kwenda Bukoba kuyatazama. Kwenye mteremko wa Kemondo lori la mchanga lilihama upande wake. Dereva wa pikipiki alivunjika mguu. Mugisha alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Begi lake lilirudishwa na polisi. Rutaihwa, kama mkubwa wa ukoo, alilipokea na kuliweka kabatini mwake, kwa kuwa vitu vya marehemu havifunguliwi mpaka msiba umalizwe.

Walimzika Jumatano, nyuma ya nyumba, kati ya migomba, karibu na baba yake. Mchungaji alisoma, kwaya ya usharika iliimba. Kutoka Bukoba zilikuja Kosta mbili za vijana aliosoma nao, na kutoka Kamachumu watu wa ukoo wa mama. Kijiji kiliweka chini majembe. Ndivyo ilivyo orufu kwa watu wa pale: siku nne baada ya kuzika hakuna anayeshika jembe, na mwenye msiba anakaa sakafuni juu ya majani makavu ya migomba, hatoki ila kwa haja.

Kokuhirwa alikaa hapo akiwa na kitenge cheusi, mgongo ukutani. Watu waliingia, wakamshika mkono, wakampa pole, "Mpora, mpora waitu," wakatoka. Hakuona nyuso. Kuna saa moja jirani yake Agnetha, aliyekuwa msimamizi wa jiko, alipiga magoti mbele yake.

"Dada, ndizi zimekwisha. Wageni wa Bukoba bado hawajala. Tumeona gunia la mpunga chumbani kwa marehemu."

Kokuhirwa alisikia neno wageni na neno hawajala. Mgeni akiondoka na njaa kwenye msiba wako, hiyo ni aibu utakayotembea nayo mpaka uzeeni.

"Chukueni," alisema.

Projestus, mwenye mashine ya kukoboa, aliwasha mashine siku ya maziko kwa ajili ya gunia lile, akalikoboa bila malipo, akalibeba mwenyewe begani kulirudisha jikoni. Wageni walikula, wakashiba, wakasema mchele huu ni mtamu.

Yeye hakula siku hiyo. Alhamisi mchana Agnetha alimletea sahani, akaketi naye, akamlazimisha kama mtoto. "Tonge moja, dada. Kwa ajili yangu." Wali na maharage. Kokuhirwa alikula tonge la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne aliangalia mkononi. Punje fupi. Kila punje na mstari mwembamba mwekundu ambao mashine haikuumaliza.

Alitema, kisha akaikusanya ile aliyoitema kwa vidole, kana kwamba ingeweza kurudi kwenye ganda lake.

"Agnetha. Gunia lile lilifungwa na nini?"

"Uzi tu, dada. Uzi mwekundu."

"Mmekoboa lote?"

"Lote. Na halikutosha, tuliazima na kwa Projestus." Agnetha alimwona uso, akaogopa. "Dada, kwani tumefanya nini?"

Agnetha hakuwa na kosa. Yeye mwenyewe alisema chukueni, kwa mdomo huu huu uliotoka kutafuna mbegu ya mwanawe. Miaka mitatu ya Mugisha ilikuwa imeliwa kwa mchana mmoja, juu ya kaburi lake, na kila aliyeila aliila kwa upendo.

Lilibaki jaruba. Kila kitu alichokiacha Mugisha duniani kilikuwa sasa ndani ya jaruba lile, kimo cha goti, tumboni mwa mabua. Na miguu ya Kokuhirwa ilikuwa ya baridi. Tangu alfajiri wanaume pale nje walikuwa wakikoka moto na kugombea nafasi ya kuota.

Alimwita Rutaihwa. Alikuja na kofia mkononi, akachuchumaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemlilia Mugisha mpaka sauti ikamkauka.

"Shemeji, mpunga wa Mugisha una mimba. Baridi imeshuka. Naomba niende nijaze maji, nirudi."

"Mama Mugisha." Alisema taratibu, kama unavyozungumza na mgonjwa. "Wewe ndiye mwenye msiba. Ukiinuka wewe, sisi tumkalie nani hapa?"

"Sitashika jembe. Ni ubao tu. Natoa ubao, nasubiri, narudisha ubao."

"Mguu ukishaingia tope, watu watasema umelima."

"Watu waseme! Shemeji, mbegu yote imeliwa jana. Imebaki ile tu. Kesho ikiwa baridi, na keshokutwa, itakufa yote. Mimi ndiye ninayejua maji yale. Niende hata na wanawake wawili wa kunishika mkono."

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka kwenye kona, si ya chini sana. "Udongo wa mwana haujakauka, mama anawaza wali."

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akasema, "Eee." Kokuhirwa alikuwa amekwisha kuweka kiganja chini ili ainuke. Kiganja kilibaki pale pale juu ya majani. Angeweza kuwapita wote, mlango ulikuwa hatua sita. Lakini neno lile lilimwingia mahali ambapo hakuwa na ngozi, na mwili ukakataa.

"Nitamtuma mtu," Rutaihwa alisema, akimwonea huruma. "Usihangaike. Projestus si wa ukoo wetu, orufu haimfungi kama sisi. Ataenda."

Projestus aliitwa, akaja akipangusa mikono. Kokuhirwa alimshika kiganja kwa mikono miwili.

"Projesti, nisikilize. Jaza saa nne asubuhi mpaka shibiri moja. Saa kumi funga. Kandika tope mlangoni. Maji yasitembee usiku, umesikia? Yasitembee."

"Nimesikia, Mama Mugisha. Nitayalinda kama ya kwangu."

Na aliyalinda. Ijumaa alijaza. Saa kumi alirudisha ubao, akakandika. Alipopita magharibi kuhakikisha, maji yalikuwa yameshuka vidole vinne. Alizunguka ukingo, akakuta tundu la panya, maji yanapita kwenda jaruba la chini. Kuliziba kulihitaji bonge la udongo mgumu, na udongo mgumu unahitaji jembe. Projestus alisimama pale akiwaza. Kweli orufu haikumfunga. Lakini kijana amelala kaburini siku ya pili tu, mama yake yuko kwenye majani, yeye aanze kulima kwenye jaruba la marehemu? Aliona haya mbele ya maiti. Akafanya alichoona ni heshima: alitoa ubao, akaacha mfereji uingie polepole, ili kinachovuja kifidiwe na kinachoingia. Asubuhi jaruba lilikuwa limejaa vizuri kabisa. Akaliacha hivyo hivyo. Kila siku alikuja msibani kutoa habari.

"Maji yapo, Mama Mugisha. Shibiri kamili."

"Mungu akubariki, Projesti."

Jumamosi, kabla jua halijachomoza, Kokuhirwa alimwomba Agnetha akasome kipimajoto kwenye nguzo.

"Mimi niliishia la nne, dada. Hiki kitu kimeandikwa kama mchwa umetembea."

"Ule mstari mwekundu umefika wapi?"

Agnetha alitoka na blanketi kichwani, akakodoa. "Umepita kumi," aliita kutoka kibarazani. "Halafu kuna vijimstari. Kimoja, viwili... vitatu. Umesimama hapo kwenye cha tatu."

Kumi na tatu. Jumapili pia kumi na tatu. Kokuhirwa alijikunja kwenye majani, akayafikiria maji yake, yametulia, ya mchana, yamelifunika suke. Hilo ndilo lililompa usingizi wa saa moja moja. Alimwona Mugisha kwenye kiti kirefu, chuoni, akimwambia ya kike haiumii, Mawe, inabaki nzima, inasubiri. Akauma kitenge ili asipige kelele.

Jumatatu asubuhi walimwinua. Wanawake walimwosha, majani yakafagiliwa nje. Hakungoja chai. Alikwenda jarubani na kitenge chake cheusi, na kabla hajafika alisikia maji. Alisimama njiani. Maji yaliyotuama hayana sauti.

Ubao ulikuwa umelazwa ukingoni, safi, umewekewa jiwe juu usipotee. Alitia mkono mlangoni, akautoa. Aliufuata ukingo mpaka kwenye tundu la panya, akaangalia kilichopita pale, akaelewa yote bila kuambiwa. Hakulia. Alichukua udongo kwa kucha zake, akaziba tundu. Akarudisha ubao.

Mpunga haukuonyesha kitu, na hapo ndipo baridi ilipo na ukatili wake. Ulisimama wa kijani, ukanenepa. Siku ya kumi na moja masuke yalianza kutoka, marefu, mazuri; waliopita walimwambia, "Mama Mugisha, marehemu amekuachia neema." Aliwaitikia. Alingoja yachanue. Ua la mpunga huchanua mara moja tu, kuanzia kama saa nne, kwa saa moja au mbili, kisha hufunga moja kwa moja. Siku hiyo alivua kitenge cheusi begani, akakitandaza chini ya suke, akalitikisa. Miaka mingine, kanga ikipita kwenye mpunga uliochanua hurudi na vumbi la njano, usilolitaka, la kukung'utwa. Alitikisa suke la pili. Akatikisa la kumi. Vile vijifuko vya chavua vilivyoning'inia nje ya ua vilikuwa vyembamba, vyeupe, kama nyuzi zilizofuliwa mno. Kitambaa kilibaki cheusi.

Aliendelea kutikisa mpaka maua yakafunga.

Septemba alivuna peke yake, kwa kisu, suke moja moja. Mpunga uliojaa huelemewa, hutazama chini. Wake ulisimama wima kama siku ya kwanza. Kuanzia mlangoni mpaka karibu mwisho wa jaruba hakupata punje. Katika pembe ya mbali, ambako maji yalifika yakiwa yamechoka na kupata jua kidogo, alipata masuke yenye punje hapa na pale. Alipopeta, upepo ulibeba mwaka mzima. Kilichobaki kwenye ungo kilijaa kopo moja la maziwa ya unga. Je, punje hizi ziliokolewa na damu ya yale masuke tisa, au na maji ya pembeni tu? Hakujua. Mugisha angejua afanye nini ili ajue. Alilifunga kopo kwa uzi mwekundu.

Msiba ulimalizwa mwishoni mwa mwezi huo. Waliweka msalaba wa saruji. Ukoo ulikaa sebuleni, na Agnetha, kabla ya kupika, alikuja kuuliza kwa sauti ndogo, "Dada, leo tupike nini?" "Ndizi," Kokuhirwa alisema. Alikuwa na kopo mapajani, na hakuliweka chini hata aliposimama kusalimia. Projestus alifika na debe la maharage, akampa mkono.

"Mama Mugisha, nasikia mpunga haukujaa. Nami nililinda maji siku zote zile, hayakupungua hata kidole."

Alimwangalia mtu huyu aliyeona haya kushika jembe mbele ya maiti ya mwanawe. "Najua, Projesti," alisema. "Baridi ilikuwa kubwa."

Kisha Rutaihwa alileta begi. Alilifungua mbele ya wote, kama ilivyo kawaida, akitoa kitu kimoja kimoja: shati, chaja ya simu, vipande vya chupa ndani ya soksi, daftari la jalada gumu lenye doa la spiriti. Alivaa miwani, akafungua kurasa. Tarehe na namba, tarehe na namba, miaka mitatu ya alfajiri. Majina ya familia kumi na mbili. Lake mwenyewe, Rutaihwa, lilikuwa la kwanza. Akafika ukurasa wa mwisho wenye maandishi, akausoma kwa sauti, polepole, kwa kuwa ndiye msomaji wa ukoo na kila neno la marehemu lilipaswa kusikika.

"Jumatatu. Jaruba limeshika mimba, Mama amethibitisha. Alfajiri nyuzi kumi na sita, inashuka. Kesho Bukoba. Nikichelewa kurudi hakuna shida. Mama anajua maji."

Yule mwanamke wa kwenye kona alikuwapo, akainamisha uso kwenye kanga yake. Rutaihwa aliusoma mstari ule tena, safari hii kimya, midomo ikitembea. Akavua miwani.

"Kumbe ulikuwa unajua," alisema. "Mama Mugisha, si ungesema."

"Nilisema, shemeji."

"Ungenionyesha hata hii karatasi..."

"Karatasi ulikuwa nayo wewe, kabatini kwako. Mimi nilikuwa na mdomo. Nilikuambia kwa mdomo wangu, nimekaa pale." Alionyesha sakafu. Palikuwa safi, pamefagiliwa, pamewekwa kiti.

Rutaihwa alipatazama mahali pale. Kisha alilinyoosha daftari kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mzima kitu, na Kokuhirwa akalipokea, akaliweka mapajani chini ya kopo. Nje wanawake walikuwa wakimenya ndizi na kuzidondosha moja moja kwenye maji.